Kabla ya kuzuia saratani, jeni hizi huujenga mwili

Mwaka 1992 makundi matatu ya watafiti, kila moja kivyake, yalitengeneza panya wasio na jeni iitwayo RB. Jeni hiyo ilikuwa maarufu tayari. Miaka sita kabla, ilitambuliwa kuwa ndiyo inayoharibika kwa watoto wanaopata retinoblastoma, saratani ya retina ya jicho, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake kupatikana kwa binadamu: jeni ambayo ikiwa nzima saratani hiyo haitokei, nakala zake zote mbili zikiharibika inatokea. Watafiti walitarajia kuona panya wenye uvimbe machoni. Hawakumwona hata mmoja. Panya waliokosa nakala zote mbili za RB walikufa tumboni mwa mama zao, wengi kati ya siku ya 13 na ya 15 ya mimba ambayo kwa panya huchukua siku kama 20. Chembe nyekundu za damu yao hazikukomaa, na seli za neva zilikuwa zikifa kwa wingi mahali zilipotakiwa kutulia. Wale waliobaki na nakala moja nzima walizaliwa salama, na walipougua baadaye, uvimbe ulitokea kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, si jichoni.

Kama kazi ya RB ni kuzuia saratani tu, kwa nini kiinitete ambacho hakina saratani yoyote kife kwa kuikosa? Ushahidi uliokusanywa tangu wakati huo unaelekeza kwenye jibu moja. RB na jeni za kundi lake ni jeni za ujenzi wa mwili kwanza. Huamua jeni zipi zizimwe na zipi ziwashwe, wakati gani, katika tishu gani, ili seli iache kugawanyika na kuanza kazi yake. Saratani ni kile kinachotokea pale amri hizo zinapokosekana. Tukilishika hilo tutaelewa kwa nini saratani kadhaa za watoto zinafanana na viungo vya kiinitete vilivyoachwa nusu, na kwa nini umri wa mtoto una uzito mkubwa katika magonjwa haya.

Mwili wa binadamu una jeni karibu 20,000 za kutengeneza protini, na seli ya ini inazo zote kama ilivyo seli ya jicho. Tofauti iko kwenye zipi zinasomwa na zipi zimefungwa. DNA haielei ovyo ndani ya kiini cha seli. Imeviringwa kwenye protini ziitwazo histoni, na pale ilipokazwa sana, vimeng'enya vya kusoma jeni havipenyi. Kuna protini zinazotua kwenye DNA karibu na mwanzo wa jeni na kuviita vimeng'enya hivyo, na kuna nyingine zinazowazuia hao waitaji. Safari yote kutoka yai lililorutubishwa hadi mtoto mchanga ni mfululizo wa maamuzi ya namna hiyo, na mengi yake hayana nafasi ya pili.

Wazo kwamba seli ina kitu kinachoizuia kugawanyika ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Theodor Boveri, Mjerumani aliyechunguza kwa miaka mingi mayai ya viumbe wa baharini wenye miiba, aliandika mwaka 1914 kwamba huenda zipo kromosomu zenye kazi ya kuzuia mgawanyiko, na zikipotea seli hugawanyika bila kikomo. Alifika huko kwa kutazama viinitete, jambo ambalo naliona la maana sana kwa mjadala huu. Mwaka 1969 Henry Harris wa Oxford na wenzake waliunganisha seli za saratani na seli za kawaida, wakakuta kwamba seli chotara zilipoteza ukali wa saratani maadamu zimebaki na kromosomu za ile seli nzima. Miaka miwili baadaye Alfred Knudson, akiwa Houston, Texas, alipitia kumbukumbu za wagonjwa 48 wa retinoblastoma. Watoto wenye ugonjwa wa kurithi waliugua mapema zaidi, na mara nyingi macho yote mawili. Hesabu zake zilionyesha kwamba saratani hiyo inahitaji matukio mawili. Mtoto aliyerithi amezaliwa na tukio la kwanza ndani ya kila seli, limebaki moja; asiyerithi lazima yote mawili yatokee ndani ya seli moja ya retina. Ni mawili kwa sababu kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, ya baba na ya mama.

Sasa tuitazame RB kwa karibu, maana ndiyo iliyochunguzwa kuliko nyingi. Protini yake haishiki DNA yenyewe. Inashika protini za familia ya E2F, ambazo hukaa mwanzoni mwa jeni za kunakili DNA: zile za vimeng'enya vinavyounda DNA mpya, zile za kutengeneza malighafi yake, na zile za saiklini zinazoisukuma seli kwenye mgawanyiko. RB inaifunika E2F pale pale ambapo E2F hupatumia kuita vimeng'enya vya kusoma jeni. Halafu inafanya la pili. Inavuta vimeng'enya vinavyoondoa vikundi vya asetili kwenye histoni za eneo hilo, DNA inakazwa, na jeni nyingi za mgawanyiko zinazimika kwa pamoja. Seli ikipata ishara ya kukua, saiklini D pamoja na vimeng'enya CDK4 na CDK6 huibandika RB fosfeti, RB inaachia, na E2F inaanza kazi.

Maelezo mengi huishia hapo, na msomaji huambiwa kwamba RB ni kama breki za gari. Mfano huo una ukweli, ila unaficha nusu ya habari, kwa kuwa breki haina neno juu ya gari linakoelekea. Kwenye seli changa za mfupa RB hushirikiana na RUNX2, protini inayowasha jeni za mfupa, na kuiongezea nguvu. Kwenye misuli inasaidiana na MyoD: seli changa ya msuli iliyokosa RB huanza kuchukua sura ya msuli lakini haikamiliki, na ikipewa kichocheo cha kukua inarudi kunakili DNA, jambo ambalo seli ya msuli iliyokomaa haifanyi. Kwa hiyo protini ile ile inazima kundi moja la jeni na kusaidia kuwasha kundi jingine. Kuacha kugawanyika na kuanza kuwa mfupa au msuli ni uamuzi unaofanywa kwa pamoja. Waliopona retinoblastoma ya kurithi wana hatari kubwa ya kupata saratani ya mfupa wanapofikia umri wa kubalehe na ujana, na mtu anayejua kazi ya RB mfupani ataona mantiki ya balaa hilo.

Kuhusu wale panya wa mwaka 1992, jibu lililo wazi zaidi lilipatikana mwaka 2003, na halikuwa mahali lilipotafutwa. Gustavo Leone na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichunguza kondo la nyuma. Walikuta seli zake za trofoblasti zimegawanyika kupita kiasi na kusongamana, hata vijia vyembamba vinavyopitisha chakula na oksijeni kutoka damu ya mama kwenda kwa mtoto vikabanwa. Viinitete visivyo na RB vilipopewa kondo lenye RB, viliishi hadi kuzaliwa, ingawa vilikufa muda mfupi baadaye. Sehemu kubwa ya kasoro za damu na neva zilizokuwa zimeandikwa kwa miaka kumi ilitokana na kiinitete kukosa chakula na hewa. Majaribio mengine yalionyesha kwamba chanzo ni zile jeni zilizokosa usimamizi: panya waliokosa RB pamoja na E2F1, au RB pamoja na E2F3, walidumu tumboni siku zaidi. Ukimwondoa anayewasha, kukosekana kwa anayezima hakuumizi kiasi kile.

Limebaki la jicho. Panya ana jeni ndugu iitwayo p107, ambayo huongeza kazi RB ikikosekana kwenye retina. Zikiondolewa zote mbili, panya naye anapata uvimbe wa retina. Kwa binadamu, David Cobrinik na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba ugonjwa huanzia kwenye seli changa za koni, zile zitakazotuwezesha kuona rangi. Zikiwa katika hatua yao ya kawaida ya kukomaa, seli hizo huwa na kiwango kikubwa cha protini za MDM2 na N-Myc, ambazo katika seli nyingine hubeba hatari ya saratani. Kinachozituliza ni RB. Ikiondoka katika kipindi hicho kifupi, hakuna kingine cha kuzisimamisha. Retina ikishakomaa mlango huo unafungwa, na ndiyo maana ni nadra retinoblastoma kuanza baada ya umri wa miaka mitano.

Figo inaonyesha jambo hili vizuri zaidi hata kuliko jicho. Figo ya kudumu ya binadamu huanza kujengwa karibu na wiki ya tano ya mimba, na kuna pande mbili zinazokutana. Upande mmoja ni kichipukizi kinachochomoza kutoka kwenye mrija wa awali. Upande wa pili ni rundo la seli laini zisizo na umbo. Rundo linatoa ishara ya kukiita kichipukizi. Kichipukizi kinaingia, kinatoa matawi, na kila tawi linapofika linaziamuru seli za jirani zijikusanye, zijipange kuwa mrija, na hatimaye ziwe nefroni, yaani kichujio kimoja cha damu. Figo moja huwa na nefroni karibu milioni moja, na ikifika kama wiki ya 36 ya mimba ujenzi umekwisha. Hakuna nefroni mpya itakayoongezwa maishani.

Ndani ya rundo lile kuna WT1. Tofauti na RB, protini hii hushika DNA yenyewe, kwa mikunjo minne inayoshikiliwa na madini ya zinki. Jeni yake ilipatikana mwaka 1990 kwenye kromosomu ya 11, kwa kufuatilia watoto wenye uvimbe wa Wilms, saratani ya figo yenye jina la daktari Mjerumani Max Wilms aliyeiandikia kitabu mwaka 1899. Mwaka 1993 Jordan Kreidberg na wenzake nchini Marekani walitengeneza panya wasio na WT1. Kichipukizi hakikuchomoza. Seli za rundo zilijiua. Panya hao hawakuwa na figo, wala korodani, wala ovari.

Jeni ambayo ikikosekana figo haiwepo kabisa, inawezaje ikikosekana kumpa mtoto mwingine figo iliyojaa uvimbe? Jibu liko kwenye wakati. Mwanzoni WT1 hulinda uhai wa seli za rundo na kuziwezesha kukiita kichipukizi. Hatua chache mbele huwasha WNT4, jeni inayoziamuru seli zijipange kuwa mrija. Ikipotea hapo, ndani ya seli chache za figo ambayo tayari imeanza, seli hizo hubaki hai, huendelea kugawanyika, na hazipati amri ya kuwa nefroni. Mtaalamu anapotazama kipande cha uvimbe wa Wilms kwenye hadubini, mara nyingi huona aina tatu za tishu pamoja: seli changa za rundo, mirija ambayo haikukamilika, na tishu laini za kujaza katikati. Ni figo ya kiinitete iliyokwama njiani, ndani ya tumbo la mtoto wa miaka mitatu. Pale WT1 ilipoharibika huonekana hata nyuzi za misuli, kwa kuwa seli zilizokosa maelekezo ya kuwa figo zimeshika njia nyingine iliyokuwa wazi kwao. Mabaki madogo ya seli changa za figo hupatikana kwa takriban mtoto mchanga 1 kati ya 100, na karibu yote hupotea yenyewe bila dawa.

Nina sababu ya kukaa sana kwenye WT1. Mwaka 2011 Abdelkader Essafi, Nicholas Hastie na wenzao huko Edinburgh walionyesha kwamba WT1 inayoifungua jeni ya WNT4 kwenye figo, huifunga jeni hiyo hiyo kwenye utando unaofunika moyo wa kiinitete. DNA ni ile ile na protini ni ile ile. Kinachobadilika ni washirika wake: kwenye figo huleta vimeng'enya vinavyolegeza histoni, kwenye moyo huleta mshirika anayezikaza. Anayeuliza kama WT1 inawasha au inazima jeni lazima kwanza ataje ni tishu gani na ni siku gani ya mimba. Na kuna la kustaajabisha zaidi. Seli hutengeneza WT1 za namna tofauti, na mbili kati ya hizo hutofautiana kwa asidi amino tatu tu. Uwiano wa hizo mbili ukivurugika, mtoto mwenye kromosomu za kiume anaweza kuzaliwa na maumbile ya kike, na figo zake zikashindwa kazi akiwa bado mdogo au kijana. Hata hivyo WT1 si maelezo ya kila uvimbe wa Wilms. Huharibika kwa wagonjwa wasiozidi 1 kati ya 5; kwa wengine ni jeni nyingine za njia hiyo hiyo ya ujenzi.

Jeni ya p53 ilionekana kwa muda kuwa ushahidi wa kuupinga mtazamo huu wote. Iligunduliwa mwaka 1979, na kwa miaka kumi ilidhaniwa kuchochea saratani, kwa sababu nakala nyingi zilizokuwa zikitumika maabara zilikuwa zimeharibika bila watafiti kujua. Baada ya mwaka 1989 ikajulikana ilivyo, na leo tunajua kwamba huharibika katika takriban nusu ya saratani zote za binadamu. Lakini Lawrence Donehower na wenzake walipotengeneza panya wasio nayo, mwaka 1992 huo huo, wengi walizaliwa wazima. Kufikia miezi sita robo tatu yao walikuwa na uvimbe. Ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba kiinitete hakiihitaji p53, na kwamba hii angalau ni jeni ya kuzuia saratani na si zaidi.

Jaribio la mwaka 1995 lilipindua hitimisho hilo. p53 huwasha jeni nyingi, mojawapo ikiwa MDM2, na protini ya MDM2 humrudia aliyeiwasha: huikamata p53 na kuipeleka ikavunjwe. Makundi mawili ya watafiti yaliondoa MDM2 kwa panya. Viinitete vilikufa mapema sana, karibu na wakati wa kujishikiza kwenye mji wa mimba. Kisha wakaondoa MDM2 na p53 kwa pamoja, na panya wakazaliwa wazima. Sijui jaribio la jenetiki lililo safi kuliko hilo. Linaonyesha kwamba p53 ipo ndani ya kiinitete tangu siku za mwanzo kabisa, ina nguvu ya kukiua, na ujenzi wa mwili unaendelea kwa sababu imeshikwa kwa kiasi kinachofaa.

Kiasi hicho kinapozidi, matokeo yake yanaonekana usoni. Kuna watoto wanaozaliwa na mifupa ya mashavu na taya ambayo haikukua vya kutosha, hali inayoitwa ugonjwa wa Treacher Collins, mara nyingi kwa sababu ya kasoro kwenye jeni ya TCOF1. Mwaka 2008 kundi la Paul Trainor huko Kansas City lilionyesha kwa panya kwamba kasoro hiyo hupunguza utengenezaji wa ribosomu, yaani mitambo ya seli ya kutengeneza protini, upungufu huo huiamsha p53, na p53 huziua seli zilizokuwa zikisafiri kwenda kujenga uso. Walipoipunguza p53, uso ulijengeka vizuri, ingawa ribosomu zilibaki pungufu. Hiyo haiwezi kuwa tiba kirahisi, maana panya waliopokonywa p53 tumeona wanakoishia. Ila inatuonyesha kwamba mtoto alipoteza mifupa ya uso kwa amri iliyotolewa na mlinzi wake mwenyewe kwa wakati usiofaa.

Upande wa pili, kiinitete kisicho na p53 kikipigwa mionzi huishi, kisha kuzaliwa na ulemavu, wakati chenye p53 huondoa seli zilizoharibika, au mimba nzima hupotea. Mwaka 2007 Wenwei Hu, Arnold Levine na wenzao walionyesha pia kwamba p53 ya mama huwasha jeni ya LIF inayouandaa mji wa mimba kupokea kiinitete. Panya majike wasio na p53 huzaa watoto wachache, na wakidungwa LIF mimba hushika vizuri zaidi. Jeni moja, na iko kwa mama na kwa mtoto, ikifanya kazi tofauti.

Namna p53 inavyozima jeni inastahili neno pia, kwa sababu inaturudisha kwa RB. p53 kwa kawaida huwasha. Mamia ya jeni zinazozimika baada yake huzimika kwa njia ya kuzunguka: p53 huwasha jeni ya p21, protini yake huvizuia vimeng'enya vya CDK, RB na ndugu zake hubaki bila fosfeti, na jeni za mgawanyiko zinafungwa. Kwa hiyo jeni hizi mbili maarufu ni sehemu za mnyororo mmoja. Na wingi pekee si hoja. Manuel Serrano na wenzake huko Madrid waliwaongezea panya nakala za p53 zenye udhibiti wake wa asili, mwaka 2002, na panya hao walikua vizuri huku wakipata saratani kidogo. Tembo wa Afrika, kama utafiti wa mwaka 2015 ulivyoonyesha, ana nakala 20 za jeni hiyo pale binadamu alipo na moja kwa kila mzazi, na bado ndama wake huzaliwa wazima baada ya mimba ya miezi 22.

Mifano mingine naipitia haraka. Jeni ya patched iligunduliwa kwa nzi wa matunda, katika kazi ya Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus huko Heidelberg iliyochapishwa mwaka 1980 na kuwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1995. Walikuwa wakitafuta jeni zinazogawa mwili wa buu katika pingili. Saratani haikuwa swali lao. Mwaka 1996 ikaonekana kwamba jeni ya binadamu inayofanana nayo, PTCH1, ndiyo inayoharibika katika familia zenye saratani nyingi za ngozi. Dawa ya kwanza ya kuidhibiti njia ya ishara inayosimamiwa na jeni hiyo, vismodegib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012, na utafiti wake una mizizi kwa kondoo wa Idaho waliokuwa wakizaa wana wenye jicho moja baada ya kula mmea wa sumu malishoni.

Ushahidi wenye nguvu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni SMARCB1. Protini yake ni sehemu ya mtambo unaosogeza histoni ili jeni zisomeke. Mwaka 1998 ilibainika kwamba jeni hiyo ikipotea, mtoto mchanga anaweza kupata uvimbe wa rabdoidi, mmoja wa saratani kali mno za utotoni. DNA ya uvimbe huo iliposomwa yote, haikukutwa na mabadiliko mengine mengi. Tumezoea kufikiri kwamba saratani hukusanya makosa ya miaka. Hapa kosa moja katika upangaji wa jeni zipi zisomwe linatosha, likitokea wakati kiungo kinajengwa.

Sisemi kwamba jeni zote za kuzuia saratani ziko hivi. BRCA1, inayojulikana kwa saratani ya matiti na ovari, kazi yake kuu ni kurekebisha DNA iliyokatika. Viinitete vya panya visivyo nayo hufa mapema, lakini hufa kwa sababu DNA inaharibika na p53 inaamka. Ukiiondoa p53 vinadumu muda mrefu kidogo. Kuichanganya na WT1 kwa sababu tu zote zikiharibika huleta saratani ni kuwapotosha wanafunzi.

Virusi vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi vilizijua jeni hizi kabla yetu. Virusi vya HPV huzaliana katika tabaka za juu za ngozi laini, ambako seli zimeshaacha kugawanyika na zinakomaa, na seli ya namna hiyo haina vifaa vya kunakili DNA. Kwa hiyo virusi hutengeneza protini mbili. E7 huing'oa RB kutoka kwa E2F, na jeni za kunakili DNA zinafunguka tena ndani ya seli iliyokwisha kuzifunga. E6 huipeleka p53 ikavunjwe ili seli isijiue. Saratani hiyo ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi Afrika Mashariki, na chanjo yake ipo: Rwanda ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019. Kila msichana anayechanjwa analindiwa RB na p53 zake.

Kwa watoto wenye retinoblastoma hatuna chanjo. Tuna muda tu, na tunaupoteza. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha watoto zaidi ya 4,000 kutoka nchi 153, ulikuta kwamba katika nchi tajiri nusu ya watoto walikuwa wamegunduliwa kabla ya kutimiza miezi 14 hivi. Katika nchi maskini, miezi 30. Katika nchi tajiri, ugonjwa ulikuwa umetoka nje ya jicho kwa asilimia 1.5 ya watoto. Katika nchi maskini ilikuwa asilimia 49. Jeni ni ile ile na seli ya koni ni ile ile. Kinachotofautisha ni miezi 16 ya kusubiri.

Mboni ya mtoto ikionekana nyeupe au kung'aa kama jicho la paka, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu, au jicho likianza makengeza ambayo hayakuwepo, mpeleke hospitali yenye daktari wa macho wiki hiyo hiyo, usianze na matone ya dukani. Kama ni retinoblastoma, ndugu zake wadogo nao wachunguzwe macho, hata kama wanaona vizuri, na mtoto atakayezaliwa baada yake aanze kuchunguzwa tangu wiki zake za kwanza.